Amekataa Kwenda kwa Muganga: Familia Inaweza Kuanza Bila Yeye

Maneno haya yalisemwa na kijana mmoja wa mvuguvugu letu mbele ya vijana na wazazi wa Kadutu, hapa Bukavu. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.



Mnatujua. Kila mara mkituona barabarani tunaongea juu ya maji, juu ya umeme, juu ya barabara zilizokatika. Leo hayo tunayaacha kidogo. Nataka tuongee juu ya kitu ambacho kinalala ndani ya nyumba zetu na tunakifungia mlango ili jirani asikione: yule yaya, yule mtoto, yule baba, yule bwana ambaye pombe ao dawa zimemshika, na kila mkimwambia twende kwa muganga anajibu, "Mimi siko mugonjwa. Muniache."

Mimi si muganga. Nilimaliza chuo kikuu miaka miwili iliyopita, diplome iko ndani ya plastiki kwenye sanduku, kazi hakuna. Wengi wenu mnaijua hiyo hali. Kitu ambacho shomaje inakupa ni muda, na muda wangu mmoja nimeutumia kusoma juu ya hili jambo, kwa sababu liko kwetu nyumbani, na kwenda kuuliza wauguzi wanaolifahamu. Nimetoka na neno moja ambalo kwetu hakuna mtu alikuwa ametuambia: kukataa kwake si mwisho wa maneno. Familia inaweza kuanza kazi wakati yeye bado anakataa, na mara nyingi ile kazi ya familia ndiyo inamfikisha pale anapokubali.

Sasa tuanze na vile tunavyofanya leo.

Tuchupa tule twa plastiki twa pombe kali mnatujua. Kachupa kamoja kanauzwa kwa pesa kidogo kuliko sahani ya fufu na sambaza. Kijana mwenye njaa na mwenye mawazo akipiga hesabu, kachupa kanashinda. Halafu kuna kanyanga inayopikwa nyumbani, kuna bangi, kuna vidonge vya tramadol vinavyouzwa kama bonbon bila ordonansi. Kule Kinshasa mwaka 2021 tulisikia juu ya bombé, ule unga wanaotoa ndani ya pot ya gari, wanausaga na kuuchanganya na vidonge. Rais mwenyewe aliongea juu yake, polisi ikakamata watu. Kukamata ndiyo kitu cha kwanza ambacho wakubwa wetu wanafikiria, na sisi ndani ya nyumba tunafanana nao kuliko tunavyofikiri.

Kwa sababu sisi tunafanya nini? Kwanza tunaficha. Mama anapiga simu kwa patron wa mtoto wake: "Leo hawezi kuja, malaria imemushika." Malaria ya kila siku ya kwanza ya juma! Kisha tunalipa. Deni la butike, simu aliyoweka rehani, dirisha la jirani alilovunja. Kisha tunachoka, na tukichoka tunapiga kelele, saa tano ya usiku, kwa mtu ambaye amelewa na asubuhi hatakumbuka hata neno moja. Kisha tunaita mkutano wa familia, wajomba wote, mashangazi wote, yeye katikati kama mwizi, kila mtu anatoa orodha yake ya makosa. Anaapa, analia, anaomba msamaha. Juma moja. Halafu anarudi kwenye nganda, sasa akiwa na haya juu ya kiu.

Na mwisho tunamfunga.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa watu wanakufa. Mnajua vyumba vya maombi ambako wanapeleka wagonjwa wa namna hii, wanafungwa kamba ao mnyororo, wanafungishwa njaa, wanaombewa siku tatu. Sisemi vibaya juu ya maombi, mama yangu anaomba kila asubuhi na mimi najibu amina. Nasema juu ya mwili. Mtu ambaye anakunywa pombe kali kila siku, miezi ao miaka, mwili wake umekwisha kuizoea pombe kama sisi tunavyozoea chumvi. Ukimkatia ghafula, ndani ya saa chache, saa sita, saa kumi na mbili, mikono inaanza kutetemeka, jasho, moyo unakimbia, hapati usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, wengine wanaanza kuona wadudu ukutani, kuongea na watu ambao hawako, joto linapanda. Watu wakiona hivyo wanasema, "Angalia, pepo inatoka!" Wandugu, hiyo si pepo. Ni mwili unaolilia pombe, na kama hakuna muganga mtu anaweza kufa katika hali hiyo. Hospitalini wanayo dawa ya kuutuliza mwili pole pole, wanampa vitamini B1, wanampa maji, wanamchunga. Dawa ile ni ya kupimwa na muganga, usiende kuinunua mwenyewe kwenye farmasi ya pembeni, maana ikichanganyika na pombe inaweza kuzima pumzi.

Kwa hiyo yule ambaye anatetemeka asubuhi mpaka apate kachupa ka kwanza, usimwambie "acha leo leo". Neno hilo linatoka kwenye moyo mzuri, lakini linaweza kuua. Huyo anatakiwa kuacha akiwa mikononi mwa watu wa afya.

Na kama kifafa kimemkuta nyumbani: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, kisha mpeleke hospitali hata kama ameamka na anasema amepona.

Upande wa pili kuna wale wanaosema tumwache tu, aanguke mpaka chini kabisa, akigusa chini ataamka mwenyewe. Nimesikia hata watu waliosoma wanasema hivyo. Lakini chini ya huko ni wapi? Kwa wengine chini ni kaburi. Kwa wengine ni ile miferegi yetu ya Kadutu usiku wa mvua. Hatuwezi kuita hiyo mpango.

Kule Marekani, kwenye chuo kikuu cha New Mexico, kulikuwa watafiti waliojiuliza swali letu hili hili: mtu anakunywa, amekataa matibabu, familia ifanye nini? Walichukua watu 130, wake, waume, wazazi, kila mmoja akiwa na mlevi wake nyumbani aliyekataa. Wakawagawa makundi matatu. Kundi la kwanza walifundishwa kuandaa ule mkutano mkubwa wa familia wa kumkabili mgonjwa. Kundi la pili walifundishwa kwa njia ya Al-Anon, vile vikundi vya jamaa za walevi, ambako unajifunza kuachilia na kutunza roho yako mwenyewe. Kundi la tatu walifundishwa njia inayoitwa CRAFT, ambayo inamfundisha mtu wa familia kubadilisha vile anavyoishi na mgonjwa kila siku. Matokeo yalitoka mwaka 1999. Katika kundi la mkutano mkubwa, walevi 30 kwa 100 ndio walioanza matibabu. Kundi la Al-Anon, 13 kwa 100, na tuseme haki, Al-Anon yenyewe haikuundwa ili kumwingiza mtu hospitali, iliundwa ili kumsaidia yule anayeishi naye. Kundi la CRAFT, 64 kwa 100.

Sitini na nne, kati ya watu ambao walikuwa wamesema hapana.

Sisemi kwamba ukifanya hivyo Kadutu utapata 64. Wale walikuwa na mshauri wa kuwafundisha mara kumi na mbili, walikuwa na hospitali karibu. Lakini yale waliyofundishwa hayahitaji mashine wala dola. Nitayaeleza kupitia yaya wangu, amenipa ruhusa, na amesema nisitaje jina lake, nami sitalitaja.

Yaya wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Milango mingine ya kartie hii ni mikono yake. Alianza na kachupa ka jioni baada ya kazi, kikaja ka mchana, mwisho ka asubuhi. Baba mudogo alitaka kumfunga na kumpandisha kwenye chumba kimoja cha maombi. Tuliuliza kwanza muuguzi mmoja mwenye kujua, na muuguzi ndiye alitueleza yale ya kutetemeka na kifafa. Baba mudogo alinyamaza. Kamba ikarudi kwenye mbuzi.

Muuguzi akatuambia tuanze na kadaftari. Majuma matatu, bila kumwambia mtu, niandike: leo amekunywa, saa ngapi, na nani, kabla ya hapo nini kilitokea. Na siku ambazo hakunywa, ao alikunywa kidogo, nini kilikuwa tofauti. Mimi nilifikiri ni kazi bure, maana yaya anakunywa kila siku, tutaandika nini? Lakini kadaftari kalionyesha vitu. Siku ya kulipwa ilikuwa mbaya kuliko zote, hiyo kila mtu anajua. Kitu ambacho hatukujua: siku ambazo binti yake mdogo anakuja kulala kwetu, kachupa ka kwanza kanachelewa mpaka jua likizama. Na siku akipata kazi ya kuanza saa kumi na mbili asubuhi, anachelewa vile vile. Kumbe ndani ya ule mtu aliyekuwa anasema "siwezi kitu" kulikuwa saa fulani ambazo anaweza.

Basi tukazitafuta hizo saa na kuziongeza. Binti akaanza kuja mara mbili kwa juma. Mama akamwomba atengeneze mlango wa jikoni, asubuhi na mapema, na wakati anafanya kazi bila kulewa mama alikaa naye, akampikia sombe, wakaongea hadithi za zamani. Hakuna hata neno moja juu ya pombe. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanaidharau, na mimi naona ndiyo sehemu yenye nguvu. Mlevi ndani ya nyumba zetu anaangaliwa wakati amelewa tu. Akiwa mzima hakuna anayemwona. Tugeuze hiyo.

Akirudi amelewa, hakuna ugomvi. Hakuna kumfokea, hakuna kumbembeleza. Chakula kimefunikwa, "usiku mwema, yaya", kila mtu anaingia kulala. Ukitaka kumwambia kitu kikubwa, ngoja asubuhi ile ambayo kichwa chake ni chepesi. Na ukiongea, ongea maneno machache, juu yako mwenyewe: "Jana usiku niliogopa. Nakupenda. Ningependa tukae wote mezani." Ukianza na "wewe kila siku, wewe kila mara", umekwisha kufunga mlango.

Halafu deni. Mama alikwenda mwenyewe butike akamwambia mwenye butike, kwa upole, mbele ya watu: kuanzia leo deni la pombe la mtoto wangu si langu, ukimpa, ni kati yako na yeye. Na patron akipiga simu, mama anampa yaya simu.

Mama mmoja kabla ya mkutano huu aliniuliza: hiyo si kumtupa mtoto? Nikamjibu hivi, na nitarudia mbele ya wote. Chakula tulimpa. Kitanda tulimpa. Angekuwa mgonjwa tungempeleka. Tulichoacha kumpa ni kile kitambaa cha kufuta damu ili yeye asione kwamba anatoka damu. Kama kila alama ya pombe inasafishwa na mama usiku, asubuhi yeye anaona nini? Anaona maisha yanaendelea vizuri, anaona watu wanaomsumbua bure.

Nisiwadanganye, mwanzoni ilikuwa mbaya zaidi. Alikasirika. Aliuza sufuria kubwa ya mama, ile ya matanga. Juma mbili hakulala nyumbani, na mama hakulala pia. Kama mngeniuliza wakati ule, ningewaambia hii njia ya wazungu haifai. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba itakuwa hivyo, na kwamba tusirudi nyuma, lakini kuonywa na kuishi ni vitu viwili.

Wakati huo huo tulikuwa tunaandaa siku. Sikilizeni hapa. Mgonjwa wa namna hii mlango wake unafunguka mara moja moja, labda saa mbili, labda asubuhi moja, kisha unajifunga. Mara nyingi unafunguka akiwa ameogopa: ameanguka, mtoto wake amemwangalia kwa macho fulani, rafiki wa nganda amekufa. Akisema "nimechoka" ndani ya hizo saa mbili, na wewe ndiyo kwanza unaanza kuuliza hospitali gani, pesa ngapi, nani atamsindikiza, umekwisha kuchelewa. Kwa hiyo tulikuwa tumeuliza mbele. Tulijua muuguzi anapatikana siku gani. Pesa ya moto na ya fishi ilikuwa ndani ya bahasha, hakuna aliyeigusa hata siku ya njaa. Tulijua nani atakuwa gardemalade, maana mnajua hospitali zetu, bila mtu wako wa kupika na kulala pembeni hupokelewi vizuri. Na tulikuwa tumekubaliana nani ataongea. Mama, peke yake.

Siku ilikuja. Aliteleza kwenye ngazi za mawe usiku, akapasuka juu ya jicho. Asubuhi akauliza, "Nani aliniona?" Mama akamwambia, binti yako ndiye alikufungulia mlango. Akanyamaza sana. Mama akamwambia kuna muuguzi ninayemwamini, atakuangalia kidonda, tutaenda wote wawili, tutarudi wote wawili. Akajibu, "Kwa kidonda tu." Mama akasema sawa, kwa kidonda tu.

Muuguzi akashona kidonda, kisha akamuuliza anakunywa kiasi gani kwa siku, vile angemuuliza kama anakohoa. Hakumhukumu. Yaya akajibu ukweli, kwa mara ya kwanza nadhani. Alirudi kubadilisha pansiman, akarudi tena. Mara ya tatu yeye mwenyewe aliuliza: nikiacha, ile kutetemeka wanaifanyia nini? Alilala hospitali majuma matatu.

Sasa msipige makofi. Miezi minne baadaye, kwenye matanga, alikunywa. Alikunywa siku tano. Siku ya sita alikwenda mwenyewe kwa muuguzi, bila mama, bila bahasha. Leo anafanya kazi, kuna siku ngumu. Ugonjwa huu unarudi kama pumu na sukari inavyorudi, na hakuna anayemwambia mgonjwa wa sukari "tulikulipia hospitali mwaka jana, kwa nini unaumwa tena?"

Kwa wale ambao mtu wao ni wa tramadol, kuna neno tofauti kidogo. Kuacha kunaumiza mifupa, tumbo, usingizi, anaweza kulia kama mtoto, lakini mara chache kunaua kama pombe. Hatari yake iko pengine. Akila vingi, kifafa kinaweza kumshika. Akichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama usingizini. Na akikaa majuma bila kula vidonge, hospitali ao gerezani, mwili unasahau. Akitoka na kumeza idadi ile ile ya zamani, anaweza kulala asiamke. Mwambieni hivyo akiwa mzima, hata kama ameapa kwamba hatarudia.

Kuna wakati wa kutongoja mlango ufunguke. Kama anasema atajiua, ao amekwisha kujaribu. Kama hajui yuko wapi, anaona vitu. Kama amelala na huwezi kumwamsha, pumzi inakoroma, midomo inageuka rangi. Kama amekunywa kanyanga ya kupikwa na sasa macho yanaona ukungu. Hapo haulizwi, anabebwa, hospitali iliyo karibu. Hapa Bukavu tuko na SOSAME, ambayo ni hospitali ya magonjwa ya akili, Goma kuna Tulizo Letu, Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain, zote ni kazi ya Frères de la Charité. Kinshasa kuna CNPP pale Mont-Amba. Waambieni na ndugu zenu wa huko.

Na ninyi dada zetu ambao bwana akilewa anapiga: haya yote niliyosema juu ya subira na sombe si yenu bado. Kwanza usalama. Jua mapema utakimbilia kwa nani usiku, weka karatasi za watoto na pesa kidogo kwa mtu huyo. Hakuna daftari linalomtaka mwanamke akae chini ya ngumi ili mtu apone. Mambo ya kumleta kwa muganga yatafuata, ao hayatafuata.

Kwa nini haya tunayaleta kwenye mvuguvugu, si kwenye kanisa tu ao kwenye familia? Kwa sababu kipande chetu tumekwisha kukisema, kuna kipande kisicho chetu. Mama yangu alipata muuguzi mwenye kujua kwa bahati. Mama wa avenii ya pili hakumpata. Tangu 2010 OMS imetoa kitabu cha mwongozo kwa wauguzi na madaktari wasio wa magonjwa ya akili, chenye sehemu ya pombe na sehemu ya dawa za kulevya, kinaonyesha hatua kwa hatua: uulize nini, umpe nini, umtume wapi. Kinaweza kufanya kazi kwenye santre ya kawaida, kwa IT wa kawaida, bila jengo jipya. Katiba yetu, kifungu cha 42, inasema serikali ina wajibu wa kuwalinda vijana juu ya afya yao. Kifungu cha 27 kinatupa haki ya kuandikia wakubwa, mmoja mmoja ao pamoja. Na juu ya zile plastiki, dekreti ya kukataza sachet ilisainiwa Decemba 2017. Pombe leo iko ndani ya kachupa ka plastiki, mlangoni pa shule, na yule wa kufuatilia hatumwoni. Anayeonekana ni polisi wa kukamata mlevi.

Tumeandika barua kwa daktari mkuu wa zone ya afya. Tunaomba vitu viwili tu. Kila santre iwe na angalau muuguzi mmoja aliyefundishwa mwongozo ule. Na jina la hiyo santre, na siku zake, zibandikwe kwenye mlango, ili familia isitafute kwa bahati. Hatukuandika tatizo la vijana kwa jumla, barua za namna hiyo tumeandika nyingi na ziko kwenye makabati yao.

Barua iko pale mezani. Anayetaka kusaini asaini, jina na avenii. Asiyetaka jina lake lionekane, kuna kundi la wazazi linalokutana Jumatano saa tisa, bila vijana, bila picha, mama yangu yuko ndani. Leteni kadaftari. Kama hamna, tuko nato hapa, tumenunua ishirini.